Kumhamisha Msimamizi

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku sote tu wazima, ila goti langu la kulia linanikumbusha kila asubuhi kwamba fundi wa lifti hupanda ngazi nyingi kuliko binadamu mwingine yeyote, maana lifti ikiwa nzima hakuna anayeniita. Mjukuu wako mkubwa amefaulu hesabu. Mdogo amefaulu kuvunja miwani ya pili. Mama yao anakusalimu na anasema ile blauzi uliyomshonea imemkaa vizuri, hata wenzake kazini wamemwuliza fundi ni nani. Wewe je? Macho yanaendeleaje? Lile paa la stoo lilizibwa?

Ripoti nne za Januari zimefika pamoja na barua yako, na nimezisoma zote. Lazima nikiri kwamba Msimamizi, ile programu yangu ya kuiangalia nyumba, ananishangaza. Nilipomfunga pale stoo miaka mitatu iliyopita alikuwa akichapa vitu vifupi, vikavu: «Mlango 1 FUNGA 19:02.» Siku hizi anaandika, nanukuu: «Mlango wa mbele ulifungwa saa moja na dakika mbili usiku, ukakaguliwa tena saa moja na dakika tano.» Hata maandishi yamekolea, nadhani ni ule utepe mpya wa printa. Nilimwonyesha mwenzangu kazini nikamweleza kwamba programu hizi zikishaizoea nyumba huanza kujiboresha zenyewe. Alibaki mdomo wazi.

Lakini mwili wa Msimamizi umezeeka, Mama. Kompyuta ile ilikuwa mtumba tangu siku niliyoinunua, na siku moja itakata roho bila kuaga. Kwa hiyo nimenunua mpya. Ni ndogo, inaingia kwenye mfuko wa koti. Rafiki yetu mwuguzi anakuja huko likizo mwisho wa mwezi huu, ataileta hadi mlangoni. Kazi yako ni kumhamisha Msimamizi kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya. Nimekuandikia hatua ishirini na tatu kwenye karatasi ya pembeni. Kwa ufupi: unachomeka flashi kwenye ile ya zamani, unanakili mipangilio yote, yaani saa za taa, pampu ya maji, kufuli la lango, na king'ora kinacholia kwa jirani mtu akikaa bafuni zaidi ya nusu saa. Halafu unazima, unachomeka flashi kwenye mpya, unawasha. Usiruke hatua hata moja.

Sipendi kulirudia hili, lakini unakumbuka tulivyokaa kikao baada ya msiba wa Baba. Nilikubali ubaki peke yako kwenye nyumba kwa sharti moja, kwamba nyumba iwe na kitu cha kukuangalia. Msimamizi akishindwa, nyumba inapangishwa na wewe unahamia kwa mdogo wangu, ghorofa ya nne. Najua hulipendi wazo hilo. Ndiyo maana nataka hii mashine mpya ifanye kazi kabla ya ile ya zamani kufa.

Mdogo wangu msalimie, kama atauliza.

Mwanao

*

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko salama, na pole kwa goti. Hapa mvua zimeanza mapema. Paa la stoo lilizibwa, likavuja, likazibwa tena. Jirani wa kushoto, yule fundi saa, amewekewa meno mapya na sasa anacheka hata mahali pasipo na la kuchekesha. Macho yangu ni yale yale, nikivaa miwani naona na nikivua naona ninachotaka.

Ulipiga simu Jumapili ukalalamika kwamba nimekukatia. Sikukukatia, nilikuwa nimemaliza. Nimekaa miaka thelathini na moja nyuma ya taipureta katika ofisi ya ardhi, na nimeona jinsi mambo yaliyosemwa kwenye simu jioni yalivyokanwa asubuhi yake. Ukiwa na neno, andika. Nami nafurahi kwamba siku hizi unaandika.

Karatasi yako ya hatua ishirini na tatu nimeipokea. Niliisoma nikiwa nimeketi, kwa kuwa hatua ya kwanza inasema «keti». Hatua ya pili inasema nisiogope. Sikuwa nimeogopa hadi nilipoisoma.

Umemsifu Msimamizi mpaka nimeona haya kwa niaba yake. Sasa sikiliza. Kumhamisha hivi karibuni mimi sioni haraka yake. Anafanya kazi vizuri, halalamiki, hachelewi. Tangu mwaka jana hajakosea hata siku moja. Mtu wa namna hiyo ukianza kumhamisha-hamisha unaweza kumvuruga. Tena stoo kuna unyevunyevu, na ile flashi unayoisema ni ndogo kama kifungo, itapotea kwenye mkoba wangu na hatutaiona tena. Ningeomba tungoje kiangazi.

Kuhusu ghorofa ya nne, umeshalisema na mimi nimeshalisikia. Fundi wa lifti anataka kumpeleka mama yake kwenye jengo lisilo na lifti. Mimi hapa sitoki.

Mdogo wako nimempa salamu zako. Aliendelea kuosha vyombo.

Ripoti za Februari nimezibana kwa pini.

Mama yako

*

16 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku baridi bado haijaondoka, na bomba la jikoni kwetu limepasuka, kwa hiyo wiki nzima tumeoshea vyombo bafuni. Watoto wameona ni mchezo mzuri sana. Mkubwa ameanza kujifunza kuogelea na mdogo anajifunza kumcheka.

Mwuguzi amenipigia. Anasema alikuletea kifurushi mkononi, ukampokea kwa mikono miwili, ukamkalisha, ukamlisha mpaka akashindwa kusimama. Alipoomba akusaidie kuiweka mashine, ukamwambia ufunguo wa stoo umepotea. Halafu anasema alipokuwa anavaa viatu alikuona ukichukua ufagio kutoka stoo. Mama, usinipige chenga.

Tena kuna jambo la kiufundi linalonitia wasiwasi. Ripoti ya wiki ya pili ya Februari inasema: «Mvua kubwa ilianza saa tisa na robo alasiri. Nguo zilianuliwa.» Msimamizi hana mikono. Hata akiwa nayo, sikumfundisha habari za nguo. Nimekaa na jambo hili siku mbili, hata nikamchorea mwenzangu wa kazini mchoro. Nadhani kidude cha mlango wa nyuma kinachanganya mawimbi ya unyevunyevu na kitu kingine, na hii ni dalili wazi kwamba kompyuta ya zamani imeanza kuweweseka. Ni mwanzo wa mwisho wake.

Kwa hiyo kiangazi ni mbali. Nataka uhamishaji ufanyike kabla ya katikati ya Aprili. Ukikwama hatua yoyote niandikie namba ya hatua, nami nitakujibu kwa namba hiyo hiyo. Usipoweza kabisa, basi itabidi nikubali kwamba mpango wetu umeshindikana na tutazungumza habari ya kuipangisha nyumba. Sisemi hivi kukutisha. Nasema hivi kwa sababu mimi niko mbali na sina jicho jingine pale zaidi ya lile la Msimamizi.

Umesema mdogo wangu alikuwa anaosha vyombo. Alikuja kutembea?

Mwanao

*

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Poleni na bomba. Mtu aliyesomea lifti angejifunza na mabomba, naona vyote ni kupanda na kushuka. Mwambie mkubwa asimeze maji ya bwawa, mwambie mdogo acheke taratibu.

Huku mvua zimetulia. Fundi saa meno yake mapya yamelegea na sasa amekuwa mtu wa huzuni. Mimi nyonga inanisumbua kidogo, ni mambo ya umri, nimekanda na yanapita.

Sasa furahi. Nimemhamisha Msimamizi. Nilifanya Jumamosi baada ya kufagia. Hatua moja hadi kumi zilipita bila shida. Ya kumi na saba ilinikalia kooni, nikairuka, nikaenda ya kumi na nane, nikarudi nikaikuta imejilainisha. Saa sita nilikuwa nimemaliza na nimenawa mikono.

Lazima nikupongeze, mashine mpya ni nzuri ajabu. Haipigi kelele hata kidogo. Ukiitegea sikio husikii chochote. Haipati joto kama ile ya zamani, nimeigusa asubuhi, mchana na jioni, na nyakati zote ni baridi. Umeme nao haili, mita naona imetulia. Ile taa ya kijani uliyosema itamulika, nadhani ni ya aibu, bado haijajitokeza. Lakini taa za nyumba zinawaka kwa wakati, pampu inavuta, lango linafungwa, kila kitu kama ulivyopanga.

Ripoti zote za Machi nimeziweka ndani ya bahasha hii. Ile ya wiki ya kwanza ya Aprili ndiyo ya kwanza kutoka mashine mpya. Utaona haina tofauti na za zamani, na hiyo naona ni sifa.

Uliuliza kama mdogo wako alikuja kutembea. Ndiyo, alikuja.

Mama yako

*

2 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Leo sitaandika mengi ya watoto, wako salama, wanakula, wanalala.

Jana nilikuwa natafuta betri kwenye droo ya meza yangu. Chini ya betri, ndani ya mfuko wake wa nailoni ambao haujafunguliwa, nimekuta adapta ya ile kompyuta mpya. Yaani ule waya wa kuiunganisha na umeme. Nilisahau kuufungasha. Bila adapta ile mashine haiwezi kuwaka, Mama. Siyo kwamba itawaka vibaya. Haiwaki. Ni kama umenunua kifuniko bila sufuria.

Na wewe umeniandikia kwamba haipigi kelele na haili umeme. Hapo nakuamini kabisa.

Nilicheka kwanza. Halafu nikazitoa tena ripoti za Machi, nikazisoma polepole, na kicheko kikaniishia. Jumanne ya tarehe kumi na tisa imeandikwa hivi:

«Mlango wa bafu ulifunguliwa saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mlango wa bafu ulifungwa saa mbili na dakika kumi na moja. Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa ufunguo saa sita na dakika ishirini mchana. Mlango wa bafu ulifunguliwa saa sita na dakika ishirini na tatu. Taa na pampu: kama kawaida.»

Mara ya kwanza niliipita kwa macho, nikatazama taa na pampu. Mama, hizo ni saa nne na zaidi. Ulikuwa unafanya nini bafuni saa nne? King'ora kilikuwa wapi? Naomba unijibu mambo mawili tu, la adapta na la bafu. Hata kwa mistari miwili.

Mwanao

*

21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mvua zimekwisha. Fundi saa amerudishiwa meno yake yamekazwa, na anacheka tena.

Kuhusu adapta: nilitumia ya redio.

Bibi wa duka la vitambaa anakusalimu sana, anauliza kama bado hupendi kuchana nywele. Rangi ya sebuleni imeanza kubanduka upande wa dirisha, nitamtafuta fundi wa rangi. Nibusie watoto.

Ripoti sita zimo ndani.

Mama yako

*

5 Juni

Mama,

Shikamoo.

Umejibu moja na jingine umelifunika na rangi ya sebuleni. Nami adapta ya redio naijua, niliinunua mimi, haiingii kwenye ile mashine hata ukiigonga kwa nyundo.

Jana niliwaomba watoto wanipishe sebuleni, nikazipanga ripoti zako zote sakafuni kwa tarehe. Za miaka ya nyuma zote zimeandikwa «19:02», «6:30», mistari mifupi, herufi za vidoti. Mpaka mwisho wa Septemba. Kuanzia Oktoba kuna «saa moja na dakika mbili usiku», kuna nguo kuanuliwa, kuna «paka wa jirani aliingia akatolewa». Na kuna herufi m. Kwenye ripoti zote thelathini na tatu tangu Oktoba, m imekaa chini kidogo ya mstari. Nilipokuwa na miaka kumi na minne ulinichapia barua ya kuombea shule, nikalia kwamba m imeharibika na watanikataa. Ukaniambia atakayeikataa barua kwa sababu ya m hafai kunifundisha.

Miezi minane nimekuwa nikijitapa kazini kwa sababu ya taipureta. Nilimchorea mtu mchoro, Mama.

Hilo nimelimeza. Nililoshindwa kulimeza ni bafu. Mashine inakosea, lakini wewe hujawahi kuchapa kitu ambacho hakikutokea. Kwa hiyo najua ulikaa mle saa nne na dakika kumi na mbili, sakafuni nadhani, na king'ora nilichokifunga kwa mikono yangu kilikuwa kitu cha plastiki ukutani. Haya yamenijia leo nikiwa kazini, kwenye ngazi za jengo la watu, na nilikaa pale pale nikalia mpaka msafishaji akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Nani alikufungulia? Funguo za mlango wa mbele ziko tatu. Mmoja ni wako, mmoja uko hapa kwangu, mmoja ni wa mdogo wangu. Yeye anakaa mwendo wa saa nzima kwa basi, na Jumanne mchana yuko maabara akipima damu za watu.

Mimi na yeye hatujaongea tangu ile wiki ya msiba. Unajua alichoniambia, na unajua sikumjibu. Lakini usiponieleza ukweli wote kabla ya mwisho wa Julai, nitamwandikia yeye, na nitamwambia akuchukue siku hiyo hiyo, upende usipende. Nyumba itapangishwa. Bora nikuone umenikasirikia ghorofa ya nne kuliko nikuzike ukiwa unanipenda.

Mwanao

*

24 Juni

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mara mbili, maana safari hii umeandika kama mtu.

Kaa, kama hatua ya kwanza isemavyo. Nitamwaga mtama wote.

Msimamizi alikufa tarehe tatu Oktoba, kabla ya chakula cha mchana. Paa la stoo lilivuja juu yake. Alitoa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, printa ikachapa nusu ya neno, basi. Nilimpangusa kwa taulo, nikamweka juani siku tatu. Hakuamka. Ilipofika Jumamosi, siku ya ripoti, nilivuta taipureta kutoka chini ya kitanda nikasema nitaandika wiki hii moja tu, mpaka nipate namna ya kukueleza. Nikafunga mlango saa moja, nikatazama saa, nikaandika. Wiki iliyofuata nikaandika tena. Kusema kweli nilianza kuipenda kazi. Sikuwa nimeripoti kwa mtu tangu nistaafu.

Kwenye barua nimekudanganya, tena kwa raha zangu. Barua ni maneno ya mtu, msomaji anajua kupunguza chumvi. Ripoti ni kumbukumbu. Mkuu wangu wa ofisi aliwahi kunitaka nichape tarehe ambayo haikuwa, nikakataa, nikakaa nyumbani miezi miwili bila kazi, na baba yako hakuninung'unikia hata siku moja. Nisingeweza kuanza uzeeni. Ndiyo maana bafu limo. Nilipofika mstari ule nilijikaza nikauchapa, nikasema akiona ameona. Ukaangalia taa.

Niliteleza nikitoka kuoga. Nyonga haikuvunjika, ila mguu haukukubali kunibeba na kitasa kilikuwa juu sana. Niliegemea beseni nikasikiliza saa ya sebuleni ikigonga. Ilipogonga tatu nilikuwa na hasira na king'ora chako. Ilipogonga nne nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe. Ilipogonga tano nilikuwa naogopa, mwanangu, na sitatia maji hapo.

Aliyefungua ni mdogo wako. Alikuwa amenipigia simu mara mbili sikupokea, akaacha damu za watu kwenye vichupa akaja. Yeye anajua tangu Oktoba. Alikuja siku ya pili akakuta Msimamizi yuko juani kama godoro. Tangu siku hiyo amekuwa akija kila jioni akitoka kazini, na mtu wa kukagua mlango saa moja na dakika tano ni yeye, kwa sababu haniamini. Tangu Machi hajarudi kwake kulala. Amehamia chumba cha nyuma na ile ghorofa ya nne ameirudisha kwa mwenyewe. Kwa hiyo hata ungemwandikia, angenichukua anipeleke wapi?

Alitaka nikwambie. Ugomvi wetu wa kila Jumamosi ulikuwa huo. «Mama, mwandikie kaka.» «Nitamwandikia.» «Ukweli, Mama.» «Akija nitamwambia.» «Kwa hiyo humwambii.» Mara moja alichukua kalamu aandike yeye. Akaandika jina lako, akaikunja karatasi akaiweka mfukoni. Sijui iko wapi.

Wewe nawe usijifanye humjibu kwa sababu alikutukana. Alikuuliza kama umekuja kumzika baba au kuvuta nyaya. Ulifika siku moja baada ya mazishi, ukakaa siku tisa, na siku zote tisa ulikuwa juu ya ngazi na bisibisi mdomoni. Lilikuwa swali tu. Nami nilikuwa nalingojea jibu lake.

Kuhusu sharti lako: sihami, wala hakuna nyumba ya kupangisha. Hati ina jina langu. Nililichapa mwenyewe pale ofisi ya ardhi, baba yako amesimama nyuma yangu akinisomea herufi. Kwenye kile kikao nilikuacha utoe amri kwa sababu ulikuwa umechelewa kwa kila kitu kingine, na nikaona moyo wako unatafuta mahali pa kushika. Mdogo wako alitaka kusema, nikamkanyaga mguu.

Basi utaniuliza: kama sikuwa naogopa kuhamishwa, kwa nini nimehangaika miezi tisa, nafunga milango kwa dakika, napiga taipu na nyonga inauma, namdanganya mwuguzi wa watu hadi namficha ufunguo? Nimejiuliza pia.

Kabla ya Msimamizi ulikuwa unaniandikia mara mbili kwa mwaka, na moja ya hizo ilikuwa kadi. Tangu ulipomfunga unaandika kila mwezi, na mwezi ukiwa na hitilafu unaandika mara mbili. Unaulizia pampu, unaulizia kufuli, unaulizia utepe. Nimezisoma zote. Hata hatua ishirini na tatu nimezisoma mara nyingi, kwa sababu ni mwandiko wako na ulikuwa unaniambia niketi. Siku ile Msimamizi alipotoa moshi, sikuwaza ghorofa. Niliwaza sanduku la posta.

Sasa umeyajua yote. Ile ya zamani imekufa, ile mpya iko kabatini kama ilivyokuja, na mdogo wako ananiangalia vizuri kuliko vidude vyote ulivyotoboa ukutani. Nyumbani hapa hakuna kitu kilichobaki cha kukuharibikia. Nakuuliza kwa nia njema kabisa, mwanangu, na usinijibu haraka: mwezi ujao utaniandikia nini?

Mama yako